Madeni ya Mwalimu: Siku Sita Kando ya Reli ya Kati

Siku ya mazishi ya Baba pale Ujiji, kabla jeneza halijainuliwa, baba yetu mkubwa alisimama mbele ya watu akatangaza, kama ilivyo ada, kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze hadharani au awaone wanawe faragha. Hakujitokeza mtu. Tulishusha pumzi, na kwa kweli tulishangaa, maana mwalimu wa shule ya msingi aliyefanya kazi miaka 37 na kulea watoto kwa mshahara wa daraja lake si mtu unayetarajia afe bila kudaiwa. Wiki nne baadaye Mama, ambaye yuko eda na hatoki nyumbani, alifungua sanduku la bati ambalo Baba alihama nalo kituo kwa kituo. Chini kabisa, chini ya maazimio ya kazi na maandalio ya somo yaliyofungwa kwa kamba ya katani, akakuta rejista ya mahudhurio ya mwaka 1976. Kurasa za mbele zilikuwa na majina yetu sisi, watoto wake. Kurasa za nyuma zilikuwa na kichwa kimoja tu, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni uliosimama wima: “Wanaonidai.”

Madeni yalikuwa matano, kila moja na mahali pake na mwaka wake, na manne kati ya hayo yalikuwa yamepangana kando ya Reli ya Kati kutoka Tabora hadi Uvinza. La tano Mama alilifunika kwa kiganja. “Hilo ni la hapa nyumbani, tutalizungumza mkirudi,” alisema. Akatutuma wawili: mimi, kwa kuwa ni mhasibu huko Dodoma na aliona kazi hii inanihusu, na mdogo wangu wa mwisho, kwa kuwa ana miguu. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku chache kabla ya arobaini.

Siku ya kwanza: Tabora

Nilishuka kituoni Tabora alfajiri nikitokea Dodoma, nikamkuta mdogo wangu, aliyetangulia kutoka Kigoma, ameketi kwenye benchi na rejista ameipakata kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani, kwa uangalifu na wasiwasi. Reli ilifika hapa mwaka 1912 na ikafika Kigoma mwaka 1914, na maisha yote ya kazi ya Baba yalipita ndani ya zile kilomita 400 hivi za mwisho. Alipenda kutuambia kwamba hajawahi kupotea njia, kwa sababu kila alipohamishwa alifuata mataruma.

Alikuja Tabora kusomea ualimu, kijana wa Ujiji aliyezaliwa mwaka 1953, na mji ule ulimpendeza kwa sababu moja kuu: ndiko Mwalimu Nyerere alikosoma sekondari kuanzia mwaka 1937, na ndiko alikofundisha, katika shule ya St. Mary's, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Baba aliwahi kutembea Jumapili moja hadi kwenye lango la shule ile, akasimama kidogo, akarudi bwenini. Hakutusimulia alichokiona. Nadhani hapakuwa na cha kuona zaidi ya lango.

Deni la kwanza lilisomeka hivi: “Fundi cherehani, Gongoni. Shati jeupe moja, suruali moja. Shilingi 45. Desemba 1975.” Ndizo nguo alizoendea kuripoti kazini. Tulipoulizauliza tukaelekezwa kwenye kibaraza ambako mtoto wa fundi yule, naye sasa ana mvi, anashona kwenye cherehani inayoweza kuwa ni ile ile. Baba yake alishafariki. Tulikuwa tumemuuliza shehe kabla ya kuondoka, naye alitueleza kwamba mdai akifa deni halifi, linakwenda kwa warithi wake, kwa hiyo nikafungua pochi. Hapo ndipo uhasibu wangu ulipokwama. Mwaka 1975 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 10, na leo ni zaidi ya shilingi 2,000. Ningempa yule bwana shilingi 45 ningekuwa nimemtukana, na ningezizidisha kwa kanuni yoyote ninayoijua kazini ningekuwa nimebahatisha. Mdogo wangu, ambaye hakusoma uhasibu, alisema tulipe nguo kwa nguo.

Fundi alikubali, lakini alisema hawezi kutaja bei ya suruali bila kipimo. Sisi tulimwosha Baba akiwa amekonda kwa maradhi na hatukujua kiuno chake cha ujana. Basi akamsimamisha mdogo wangu kibarazani, akamzungushia utepe, akataja inchi, akataja bei ya kitambaa na ya ufundi, akapokea fedha zote bila kupunguza hata shilingi mia na bila neno la “acheni tu”. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi msibani hutoa msamaha haraka kwa sababu ya aibu, na wewe mlipaji hujui umelipa au umesitiriwa. Nikaomba risiti, akaiandika kwenye karatasi ya daftari lake la vipimo.

Siku ya pili: Urambo

Tulipanda basi la asubuhi hadi Urambo, kisha bodaboda mbili hadi kijijini, njia ya vumbi jekundu katikati ya miombo iliyoanza kupukutisha majani. Ni nchi ya mtemi Mirambo, na baadaye ikawa mojawapo ya sehemu tatu ambako Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940. Mradi ukavunjika mwaka 1951 na tumbaku ikashika nafasi yake. Baba aliutumia mradi ule kufundishia kutoa: mashine nyingi, toa karanga chache, baki ni nini? Watoto walijibu “hasara”, naye alikubali jibu hilo ingawa si namba.

Aliripoti Januari 1976. Karo za shule za msingi zilikuwa zimefutwa mwaka 1973, na uamuzi wa chama cha TANU uliofikiwa Musoma mwaka 1974 ulitaka watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Ukiusoma kwenye kitabu cha historia ni uamuzi mzuri wa mstari mmoja. Kijijini kwa Baba ulikuwa na maana kwamba darasa la kwanza lilivuka watoto mia moja, nusu yao wakisomea chini ya mwembe, na walimu wenzake wengine walikuwa vijana wa darasa la saba waliojifunza ualimu huku wakifundisha. Yeye, aliyekuwa na cheti, angeweza kudai darasa la saba, ambako matokeo ya mtihani humpa mwalimu jina. Alichukua darasa la kwanza na alibaki nalo, shule baada ya shule, hadi alipostaafu. Alisema mtoto aliyeshika kalamu vibaya darasa la kwanza ataishika vibaya hadi atakapotia saini hati ya ndoa.

Mdai wetu wa hapa alikuwa hai: bibi mmoja aliyeketi kwenye mkeka akichambua maharage, ambaye tulimsalimia “Mwangaluka” kwa Kinyamwezi chetu kibovu, akacheka kabla ya kuitikia. Deni: “Mahindi, debe tatu. 1983. Mshahara umechelewa.” Nilimsomea. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema ni kweli, ni nusu gunia. Tulikuwa tumenunua mahindi Urambo mjini, lakini hakukubali kipimo cha mfanyabiashara. Alimwagiza mjukuu alete debe lake, akapima mwenyewe, akahakikisha kila debe limejaa kilima juu, na debe la tatu lilipopungua tulikwenda dukani pale kijijini tukanunua vilo vinne vya kufidia.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kusimulia. Mwaka ule Mama alikuwa na mimba yangu, na ilikuwa mimba ya kulala. Kisima kilikuwa mbali. Baba alichota maji usiku kwa baiskeli yake ya Phoenix, ndoo mbili zikining'inia huku na huku, kwa kuwa aliona haya. Mwanamume wa kuchota maji, tena mwalimu, ni kichekesho cha kilabuni. Wakamgundua, wakamcheka. Kuanzia wiki ile akachota mchana kweupe, na siku moja akaandika swali ubaoni: mwalimu ana ndoo mbili za lita 20, mke wake anahitaji lita 120, je, ataenda kisimani mara ngapi? Watoto wakaenda nalo nyumbani. Bibi alisema baba wawili watatu walionekana kisimani baadaye, ingawa hawakudumu.

Alitusimulia pia habari za kisomo cha watu wazima, kilichofanyika jioni katika darasa lile lile. Mama, aliyeishia darasa la nne, alikuwa mwanafunzi mle pamoja na bibi huyu. Baba hakumpendelea, siku moja alikosea kuzidisha, naye akamwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu mbele ya wote. “Kesho yake,” alisema bibi, “mama yenu hakupika, na mwalimu alikuja kula kwangu. Hayo mahindi ya kula kwangu hakuyaandika?” Tulipekua rejista. Hakuyaandika. Bibi alisema hayo amesamehe.

Siku ya tatu: Kaliua

Ningependa kuipita siku hii upesi lakini sitaweza.

Kaliua ndipo reli inapogawanyika, tawi moja likienda Mpanda na njia kuu ikiendelea Kigoma. Baba alihamia hapa mwaka 1986, na shuleni kwake bado inaning'inia kengele aliyoitafuta mwenyewe: kipande cha reli chenye urefu wa mkono, alichopewa na wafanyakazi wa genge la matengenezo, kinachogongwa kwa nati kubwa. Tulifika wakati wa mapumziko, na mwalimu wa zamu, binti mdogo kuliko mdogo wangu, alituruhusu kuigonga mara moja, jambo lililowachanganya wanafunzi wote.

Deni la tatu halikuwa la fedha. Liliandikwa kwa maneno mengi kuliko mengine yote: “Nilimchapa mwanafunzi viboko sita mbele ya darasa kwa wizi wa chaki. Chaki zilikutwa kabatini siku ya pili. Sikumwomba radhi mbele ya darasa. 1989.” Jina la mwanafunzi lilifuata, nami siliandiki hapa.

Wako watakaosema kwamba nyakati zile kila mwalimu alichapa na kwamba waliochapwa ndio leo wanaomshukuru. Sisi wenyewe tumechapwa na Baba na hatukumshukuru. Alibeba kiboko kama alivyobeba chaki, kwa mazoea ya kazi, na kama ningeambiwa nisimulie sifa zake msibani nisingelitaja jambo hili. Lakini yeye alilitaja, kwa mkono wake, na akalibeba miaka 36 bila kupata ujasiri wa kupanda gari moshi akashuka vituo vichache kulimaliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kutoka Uvinza hadi hapa ni safari ya usiku mmoja.

Yule mwanafunzi sasa ni mkulima wa tumbaku mwenye mizinga ya nyuki porini. Tulimkuta kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, tukajitambulisha, akatupa pole kwa msiba kwa adabu kamili. Nilipomweleza kilichotuleta, uso wake ulifunga. Alituuliza kimeandikwa nini hasa. Mdogo wangu alipoanza kusoma kwa sauti ya chini, alimzuia kwa mkono.

“Subiri kwanza,” alisema. “Mimi sikuchapwa chemba.”

Alipiga simu, akatuma kijana kwa baiskeli, na baada ya saa nzima walikuja watu wazima wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja mwuza vitenge, wote waliokuwa darasani siku ile. Wakaketi kwenye mabenchi ya chama. Yeye akasimama pembeni, mikono nyuma. Mdogo wangu akasoma maneno ya Baba yote, na alipofika kwenye “chaki zilikutwa kabatini” yule mwuza vitenge akasema kwa sauti, “Ehee!”, kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo tangu utotoni. Kisha nikasimama mimi, kwa kuwa ni mkubwa, nikamwomba radhi kwa niaba ya baba yetu.

Alikaa kimya kwa muda ambao sikuwa na namna ya kuupima. “Nimesikia,” alisema. Hakuongeza. Aliomba tu rejista, akausoma ule ukurasa mwenyewe, kidole kikifuata maneno, akatoa simu akaupiga picha. Wenzake walianza kukumbushana mambo mengine ya Baba, namna alivyowafundisha herufi kwa kuwaambia watembee juu ya herufi aliyoichora mavumbini, kwanza kwa miguu ndipo kwa kalamu, na wakacheka, lakini yeye hakucheka nao. Alitusindikiza hadi barabarani, akatupa mkono wa kwaheri.

Siku ya nne: Uvinza

Treni ilitupakia usiku, imejaa, tukapata nafasi ya kukaa kwa zamu. Mahali fulani baada ya Usinge mdogo wangu alifungua zile kurasa za mbele za rejista kwa mwanga wa simu.

Inafaa nieleze. Kila usiku baada ya isha, taa ya chemli ikiwa mezani, Baba aliita majina yetu, majina matatu kamili kama shuleni, na kila mmoja aliitikia “Nipo”. Aliyekuwa shule ya bweni aliitikiwa na Mama: “Yuko Kasulu,” au “Yuko Tabora.” Wageni walioona kitendo hicho walidhani ni mchezo. Kwa Baba haukuwa mchezo. Alisema mtu anayejua idadi ya watoto wa wenzake darasani halafu hajui idadi ya wake mezani ni mwalimu wa nusu siku. Kwa hiyo jioni zake zilikuwa zetu. Hakukaa vijiweni, na madaftari ya kusahihisha aliyaleta nyumbani, tukiwa tumemzunguka, huyu akimshikia wino, yule akilala begani kwake.

Jina la nne katika orodha ni la mtoto aliyenifuata kwa mbali, aliyezaliwa mwaka 1991 na kufa kwa malaria hapa Uvinza mwaka 1995. Baada ya matanga Baba aliita majina kama kawaida, na alipofika kwake hakuruka. Aliita. Hakuna aliyejibu, akasubiri kidogo, akaendelea. Ilikuwa hivyo kila usiku kwa majuma kadhaa, nami, niliyekuwa na miaka 12, nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyowahi kumchukia kwa fimbo. Kisha usiku mmoja Mama, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipepeta, akajibu: “Yuko Uvinza.” Baba akaweka alama, na tangu usiku ule hilo likawa jibu. Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1997. Kaka yake huyo alimjua kwa njia ya rejista tu.

Kulipopambazuka tulikuwa tunauvuka mto Malagarasi, ukungu ukiwa umelala juu ya mafunjo, na muda si mrefu tukashuka Uvinza. Mji huu umeishi kwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja; maji ya chemchemi zake ni ya chumvi, na watu waliyachemsha kwenye vyungu mpaka yakabaki mawe meupe, wakaibeba chumvi hiyo mbali sana kabla ya reli kufikiriwa. Baba alikuja hapa mwaka 1993, na jirani yetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chumvi. Deni: “Bafta ya sanda, yadi nne. 1995.” Ilikuwa mwisho wa mwezi, Baba hakuwa na kitu, na posho ya uhamisho aliyoahidiwa na ofisi fulani tangu alipohama ilikuwa bado “inashughulikiwa”. Jirani aliingia dukani, akatoka na bafta chini ya kwapa, hakusema neno.

Mzee yule ameshafariki. Binti yake anauza chumvi kwa vikopo karibu na kituo, na alipotusikiliza alifuta mikono kwenye khanga akaketi juu ya gunia. Hakutaka fedha. Alituomba tununue bafta yenyewe, yadi zile zile nne, tuipeleke msikitini iwekwe akiba kwa ajili ya yeyote atakayefiwa bila kujiandaa. Tulifanya hivyo. Kisha akatupeleka makaburini, maana sisi tulikuwa tumesahau njia. Yeye hakuisahau, kwa sababu baba yake alikuwa akilifyeka kaburi la ndugu yetu kila alipofyeka ya kwao, na alipokufa akaendelea yeye. Deni hilo Baba hakuwa na habari nalo, kwa hiyo halimo.

Mdogo wangu alisimama pale kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ni kaburi fupi. Alichuchumaa, akang'oa majani mawili matatu ambayo hayakuhitaji kung'olewa, akasoma Fatiha.

Siku ya tano: Kigoma

Tulipanda basi dogo kupitia Kazuramimba, michikichi ikaanza kuonekana mabondeni, na baada ya saa kadhaa ziwa likafunguka mbele yetu, buluu, na milima ya Kongo ng'ambo kama mstari wa penseli. Tulinunua migebuka sokoni kwa ajili ya shughuli ya kesho.

Usiku, katika nyumba ya binamu yetu, niligundua kwamba nyuma ya ukurasa wa “Wanaonidai” kulikuwa na ukurasa mwingine, “Ninaowadai”, wenye mstari mmoja: ile posho ya uhamisho ya mwaka 1993, na kiasi chake hadi senti. Baba alikuwa ameukata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: “Nimesamehe. 2013.” Ndio mwaka aliostaafu. Mimi sijasamehe, lakini si deni langu.

Siku ya sita: Ujiji

Hitima ilisomwa asubuhi. Walikuja walimu wastaafu, wakaketi safu ya mbele kwa mazoea, na walikuja watu wazima wenye ndevu waliojitambulisha kama “darasa la kwanza la 2004” au “darasa la kwanza la 2009”. Tulikula wali na migebuka ya mawese, sahani zikaoshwa, wageni wakatawanyika.

Alasiri Mama alituita chumbani kwake, sisi watano. Nilimpa hesabu yote, risiti ya Gongoni juu kabisa. Alisikiliza hadi mwisho, ndipo akafungua rejista kwenye mstari wa tano na safari hii hakuufunika. “Mke wangu. Mahari, shilingi 400 iliyobaki. 1977.”

Dada yetu mkubwa alianza kulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza bei ya dhahabu ya mwaka 1977.

“Nilitaka kumsamehe zamani,” alisema Mama. “Nikamwambia, akasema niandike, maana deni lililoandikwa hufutwa kwa maandishi. Wakati ule kuandika kulikuwa kunanishinda. Nikaingia kisomo kwa sababu hiyo. Nilipojua kuandika, nikaona afadhali niendelee kumdai. Mwanamume anayedaiwa hurudi nyumbani mapema.”

Alinyoosha mkono. Nilimweleza kwamba shilingi 400 ya leo haifiki hata nauli ya bajaji, na kwamba tunaweza kukokotoa thamani yake halisi, na kwamba watoto wote tuko tayari kuchanga. Aliuacha mkono pale pale. “Aliandika mia nne.” Mdogo wangu akajipekua mifukoni, akatoa sarafu mbili za shilingi mia mbili. Mama alizifunga kwenye pindo la khanga, akaomba kalamu nyekundu ya Baba, akaweka alama ya vema, na chini yake akaandika polepole, kwa herufi zilizosimama wima, “Imelipwa”.

Kisha akapanda juu, akaweka vema Uvinza, vema Urambo, vema Tabora. Kalamu ikarudi Kaliua ikasimama.

“Yule alisema amesamehe?”

“Alisema amesikia,” nilijibu.

“Basi tuache hivyo hivyo.”

Adhana ya isha ilipokwisha na sala ikamalizika, alirudi akaketi kitini pa Baba, ambapo hakuna aliyekuwa amepakalia kwa siku arobaini. Akafungua kurasa za mbele, akavaa miwani, akaita jina la kwanza kwa ukamilifu wake, majina yote matatu. Dada mkubwa akaitikia. La pili nilikuwa mimi. La tatu likaitikiwa. La nne alipoliita, aliinua macho kutoka kwenye karatasi akatutazama, na kabla hajajijibu mwenyewe mdogo wangu, kutoka mlangoni alikosimama, akasema, “Yuko Uvinza.”